Kitanda cha Magome

Jumanne tarehe nne Agosti, mwaka 1789, Hester Lovick alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, sanduku la rangi kwapani na kipande cha mkate mfukoni. Mlangoni alimwambia dada yake Dorcas asipakue chakula kabla ya saa saba mchana, maana kulikuwa na ua litakalofumbuka asubuhi hiyo, na ua halimsubiri mtu. Dorcas alikuwa ameinamia beseni la nguo za watu. Aliitikia bila kuinua kichwa.

Saa saba aliweka samaki na viazi mezani. Saa kumi alivifunika kwa sahani. Jumatano asubuhi alivimwaga, akavaa kofia yake ya kanisani, akaenda kwa miguu hadi Sallowfield.

Sallowfield ilikuwa bustani ya shangazi yake Mfalme, ambaye kila mtu katika wilaya ile alimwita Mtukufu. Alipenda mimea ya mbali, na kila meli iliyorudi kutoka Rasi, kusini mwa Afrika, au kutoka Bengali ilimletea chungu kimoja au viwili. Hester alikuwa mchoraji wa mimea hiyo kwa miaka sita, chini ya Bwana Crispin Aldous, mchoraji mkuu. Bwana Aldous alimpokea Dorcas langoni, hakumkaribisha ndani. Alimwambia kwamba Hester hakuonekana kazini Jumanne. Alikuwa ameondoka na Mholanzi mmoja muuza vitunguu vya kupandia maua, tena alikuwa akijitapa juu ya safari hiyo tangu Julai.

"Mdogo wako kapata mume, bibie," alisema. "Rudi nyumbani umshukuru Mungu."

Dorcas hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa hakimu. Alifukuzwa mara mbili, na mara ya tatu hakimu alimwita askari wake, Obadiah Renshaw, akamkabidhi shauri lile ili mwanamke yule atoke barazani.

Renshaw alifika Sallowfield mara moja, akauliza maswali yake, akapewa majibu yale yale ya Mholanzi pamoja na kipande cha nanasi. Baada ya hapo alikwenda bandarini Harwich, mwendo wa siku mbili. Mholanzi alikuwepo kweli katika daftari la bandari. Jina lake lilikuwa Van Loenen, naye alisafiri Jumamosi tarehe mosi Agosti, siku tatu kabla Hester hajatoka nyumbani, akiwa na masanduku mawili matupu na mke wake mwenyewe. Mwenye nyumba ya wageni alimkumbuka vizuri huyo mke, kwa sababu alikataa shuka mara nne.

Renshaw alirudi na habari hizo. Hakimu alizisikiliza huku akimenya yai. Alisema kwamba Jumatano ijayo Mtukufu atakuja Sallowfield kupokea kitabu cha michoro ya maua yake, na hataki siku hiyo askari wake aonekane akinusanusa vichakani. Hadi Jumatano, basi. Baada ya hapo mwanamke mtu mzima amekwenda zake na faili linafungwa.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na nne.

*

Harufu ilimkuta Renshaw nje ya nyumba ya vioo, kabla Bwana Muir hajafungua mlango. Ndani ilimshika kooni. Joto lilikuwa kubwa, hewa ilikuwa nzito na yenye maji, na harufu ile ilikuwa ndani ya joto kama mafuta ndani ya mchuzi. Alitoa kitambaa, akaziba pua.

Muir, mkuu wa bustani, alikuwa Mskoti mrefu mwenye mikono mikavu. Alicheka.

"Pua za Waingereza," alisema. "Laini kama jibini."

Katikati ya nyumba, kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho, palikuwa na shimo refu lililojengwa kwa matofali na kujazwa magome ya mwaloni. Magome hayo hununuliwa kwa watengeneza ngozi yakishatumika. Yakirundikwa yakiwa na unyevu huchacha na kutoa joto kwa miezi, na mananasi, ambayo Uingereza haina jua la kuyaivisha, huzikwa humo pamoja na vyungu vyake. Yalikuwa yamepangwa safu tatu, mengine yameanza kuwa ya manjano. Muir alisema kumi na mawili yangekatwa Jumatano kwa meza ya Mtukufu.

Renshaw alimuuliza kuhusu harufu. Muir alimpeleka kwenye ubao uliokuwa chini ya dirisha, akamwonyesha mmea mmoja katika chungu kipana. Uliletwa kutoka Rasi. Watu wa bustani waliuita ua la mzoga, kwa sababu ua lake lina rangi ya nyama iliyolala na linanuka hivyo hivyo, ili nzi waje. Nzi wenyewe hudanganyika, hutaga mayai katikati ya ua wakidhani ni nyama, na funza wakitoka hufa njaa. Muir alilieleza jambo hilo kwa furaha, kama mtu anayesimulia utundu wa mwanawe.

Renshaw aliutazama mmea. Ulikuwa rundo la mashina manene yenye pembe nne, ya kijani iliyofifia, yaliyosimama kama vidole. Hapakuwa na kitu kingine.

"Ua liko wapi?"

"Limeshadondoka."

"Lini?"

Muir alikuwa na daftari la mimea, na kila kitu kilichofumbuka katika nyumba ile kiliandikwa humo kwa mkono wake. Hakuweza kukataa kulifungua. Ua la mzoga lilifumbuka asubuhi ya tarehe nne Agosti, likadondoka tarehe saba.

"Leo ni tarehe ishirini na nne," alisema Renshaw. "Siku kumi na saba. Kinachonuka ni nini?"

"Joto hushika harufu. Wewe si mtu wa bustani, Bwana Renshaw."

"Hapana. Ila nzi nao si watu wa bustani."

Maana alikuwa akiwatazama. Juu ya ubao, kwenye chungu cha mmea kutoka Rasi, hapakuwa na nzi hata mmoja. Walikuwa wote upande wa mwisho wa shimo, karibu na ukuta, nzi wakubwa wa kijani, wakipanda na kutua juu ya magome. Muir aliwatazama pia. Kisha alisema kuna mtu anamngoja kwenye bustani ya mboga, na akasimama akiushika mlango wazi mpaka Renshaw akatoka.

*

Mama Pegg alikuwa amepiga magoti kwenye njia ya changarawe, akipalilia kwa kisu cha mezani kilichovunjika ncha. Wapaliliaji wote wa Sallowfield walikuwa wanawake wazee, na hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Renshaw alichuchumaa pembeni yake, akamuuliza kitanda kile cha magome hushughulikiwa lini.

Alijibiwa kwa urefu. Magome hupoa. Kwa hiyo kitanda hugeuzwa na kulishwa magome mapya mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka, na tena mwisho wa Septemba mananasi yakishakatwa, ili kiwe na nguvu ya kuvuka majira ya baridi. Yale ya zamani hupakiwa kwenye mikokoteni na kumwagwa kwenye shamba la kabichi. Ndivyo ilivyokuwa tangu aje, na alikuja akiwa na meno yake yote.

"Na Agosti?"

Mama Pegg aliacha kupalilia. Aliangalia nyuma kwanza.

"Mwanangu, nani hulisha kitanda Agosti? Ni kumvika mtu koti la manyoya juani. Lakini Jumatano ile nilikuta toroli mlangoni, na magome mapya yamemwagika njiani, nikaambiwa niyafagie. Nikamwambia Bwana Muir, mzee, utayapika mananasi ya watu. Akaniambia nifunge bakuli langu."

"Jumatano ipi?"

"Ile aliyokuja dada yake Hester kulia langoni."

Renshaw alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Mama Pegg alipangusa kisu kwenye aproni yake. Alisema yeye hulala katika chumba alichopewa na Mtukufu, hula mkate wa Mtukufu, na ana miaka sabini na miwili. Kisha akarudi kwenye magugu yake.

Mwisho wa Septemba ulikuwa wiki tano mbele. Renshaw alisimama akiangalia shamba la kabichi ng'ambo ya ukuta. Lilistawi sana.

*

Chumba cha Bwana Aldous kilikuwa juu, upande wa kaskazini, mbali na nyumba ya vioo, na kilinukia maji ya waridi. Alikuwa na vidole safi. Mezani zilikuwepo kurasa mia moja na kumi na mbili za ngozi ya ndama iliyolainishwa, kila moja na mmea wake, zikingoja kushonwa. Ukurasa wa mbele ulikuwa umeshaandikwa kwa dhahabu kwamba maua haya ya Mtukufu yamechorwa na Crispin Aldous.

Renshaw aliuliza Hester Lovick alikuwa akifanya nini katika kazi hiyo. Aldous alisema alikuwa akijaza rangi. Majani, mashina. Msichana mwenye mkono mzuri lakini asiyejua adabu ya sanaa.

"Na ua la mzoga?"

Hilo, alisema Aldous, alilichora mwenyewe, mbele ya mmea, tarehe kumi Agosti, kwa kuwa Hester alikwisha kukimbia. Akalitoa katikati ya rundo. Lilikuwa limechorwa vizuri kiasi kwamba Renshaw, ambaye hakuwa na habari na maua, alirudi nyuma nusu hatua. Ua lilikuwa pana kama sahani, jekundu lenye mistari ya rangi ya usaha, na nywele nyembamba ukingoni. Ncha moja kati ya tano ilikuwa haijafumbuka sawasawa. Katikati, mahali penye kivuli, kulikuwa na vitone vyeupe vidogo kama punje za mchele mwembamba. Chini kulia, kwenye shina, lilichomoza jani moja la kijani kibichi, pana, lenye mishipa yake.

Alilitazama jani lile kwa muda.

"Ulikuwa mbele ya mmea," alisema.

"Nimekwambia."

"Ndani ya nyumba ya vioo."

"Kwani mmea uko wapi kwingine, afisa?"

"Nimetoka kuuona sasa hivi. Hauna majani, Bwana Aldous. Hauna hata moja. Na kufikia tarehe kumi ua lilikuwa limeshadondoka siku tatu nyuma."

Aldous alisema mchoraji anaruhusiwa kuongeza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila alinyoosha mkono kuuchukua ukurasa. Renshaw aliuondoa. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amepeleka hati za mashamba mahakamani, na hati za kughushi huandikwa juu ya ngozi kama hii. Ngozi haifutwi kama karatasi, hukwanguliwa kwa kisu, na kisu huipunguza unene. Alipitisha kidole juu ya jani. Palikuwa na mkwaruzo kama ulimi wa paka. Akaenda dirishani, akauinua ukurasa dhidi ya mwanga.

Jani liligeuka kivuli chepesi. Chini yake wino wa zamani, uliokuwa umezama ndani kuliko kisu kilivyofika, ulionekana: *H. Lovick, 4 Agosti, kutoka mmea hai.*

Renshaw aliugeuza ukurasa ili Aldous naye aone. Aldous alitazama vidole vyake.

"Alitaka jina lake liwepo," alisema mwishowe. "Ukurasa mmoja tu, anasema. Kati ya mia na kumi na mbili. Kana kwamba ni pipi."

"Ukakataa."

"Hilo lingezungumzika. Lakini yale..." Alielekeza kidole kwenye vitone vyeupe, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikunjamana. "Mayai ya nzi. Katika kitabu ambacho Mtukufu atakifungua wakati wa kifungua kinywa. Nikamwambia yakwangue. Akasema yapo, ameyaona nzi akiyataga, hawezi kuyatoa. Nikamwambia duniani yapo mengi ambayo hayachorwi. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kuchovya brashi. Mimi. Akanigeuzia mgongo."

"Mlikuwa wapi?"

Aldous aliona alikokuwa amefika. Alianza kuzipanga kurasa zake, na Renshaw akamwita mlinzi wa lango aje kusimama mlangoni pake.

*

Dorcas alikuwa langoni. Alikuwa huko kila siku tangu Jumatano ile, akifika baada ya kuanika nguo na kuondoka kabla ya kuzianua. Renshaw alimwambia angoje hapo. Dorcas aliuliza kama Hester amepatikana. Renshaw akamwambia bado. Dorcas alimtazama usoni, akaketi juu ya jiwe la kupandia farasi.

Renshaw aliingia tena katika nyumba ya vioo na askari wawili wenye majembe. Muir aliwafuata akisema juu ya vyungu, juu ya mizizi, juu ya Jumatano. Renshaw hakuwapa ruhusa ya kuchimba bado. Kila kitanda cha magome huwa na fimbo zilizochomekwa ndani, na mtunzaji huchomoa fimbo na kuishika kiganjani ili ajue joto la chini. Kulikuwa na tatu. Alichomoa ya karibu na mlango. Ilikuwa vuguvugu, na ilinukia msitu baada ya mvua. Akachomoa ya katikati. Vuguvugu, msitu.

Ya mwisho, karibu na ukuta, ilikataa kidogo kabla ya kutoka. Ilikuwa ya moto. Nusu yake ya chini ilikuwa na utelezi, na utelezi ule ulikuwa na harufu iliyomfanya askari mmoja atoke nje bila kuomba ruhusa. Renshaw alimpa Muir ile fimbo. Muir hakuipokea.

"Unachomoa fimbo hii kila asubuhi," alisema Renshaw. "Ndiyo kazi yako."

"Kila asubuhi."

"Basi ulijua."

"Nilijua tangu jioni ya Jumanne ile. Aldous alikuja kwangu akitetemeka kama mbwa. Alisema amemsukuma tu, akaangukia ukingo wa matofali. Nikamwambia tumwite daktari, akasema hahitaji daktari tena." Muir alitazama mananasi. "Miaka mitatu, Bwana Renshaw. Nanasi huchukua miaka mitatu. Ukifungua kitanda kabla hayajakatwa, yote yanakufa baridi. Nilisema tungoje Septemba, tumzike vizuri."

"Septemba mnapeleka magome kwenye kabichi."

Muir alianza kusogeza chungu kilichokuwa ukingoni.

"Nilipokuja mara ya kwanza ulinipa nanasi. Lilitoka wapi?"

Mskoti alionyesha kwa kidevu. Palikuwa na chungu kitupu, cha pili kutoka ukutani.

Renshaw alitoka nje. Alitapika nyuma ya ukuta, akangoja, akatapika tena mpaka yakabaki maji machungu. Alisukutua mdomo kwenye pipa la mvua. Kisha akarudi ndani, akavua koti, akashika jembe la askari aliyekimbia.

Waliondoa vyungu kumi na vitatu na kuvipanga njiani. Chini ya futi tatu za magome walipata kwanza sanduku la rangi. Aliyemzika alikuwa amelilaza juu ya kifua cha Hester na kumkunjia mikono juu ya sanduku, na Renshaw hakutaka kujua ni yupi kati ya wale wawili aliyefikiri hilo linatosha. Joto lilikuwa limefanya kazi yake haraka kuliko udongo. Uso haukuwa wa kuonyeshwa mtu. Alimfunika kwa turubai, akaacha mguu mmoja wazi, kisha akaenda langoni mwenyewe kumleta Dorcas.

Dorcas aliutazama mguu. Kiatu kilikuwa na kiraka cha ngozi nyeusi kisiginoni, kilichoshonwa kwa uzi mweupe kwa kuwa mweusi ulikuwa umekwisha.

"Nilishona mimi," alisema.

Aliomba amfunge kamba ya kiatu, iliyokuwa imelegea. Renshaw alimruhusu. Alichukua muda, kwa sababu kamba ilikuwa imeoza na kila alipoikaza ilikatika mahali pengine.

*

Jumanne asubuhi aliletewa barua ya karani wa Mtukufu. Karani aliandika kwa masikitiko. Sherehe ya kitabu ingefanyika kama ilivyopangwa, kwa kuwa wageni walikwisha kualikwa, na ukurasa wa ua la mzoga urudishwe kabla ya saa sita ili ushonwe pamoja na nyingine. Aliuliza pia, endapo afisa anafahamu, kama mananasi yaliyotolewa katika kitanda yangali yanafaa mezani.

Renshaw aliisoma mara mbili. Alishika barua ile kwa ncha ya vidole, akampelekea hakimu, pamoja na maneno yake mwenyewe kwamba ukurasa ni ushahidi wa mauaji na umefungiwa katika sanduku la mahakama, na kwamba ufunguo anao yeye. Kuhusu mananasi hakuandika kitu. Hakimu alisoma, akasukuma yai lake kando, akasema Renshaw amempatia matatizo makubwa. Hakusema arudishe ufunguo.

Aldous na Muir wako jela ya wilaya, vyumba viwili tofauti. Aldous ameomba maji ya waridi, hakupewa. Daktari ameandika juu ya fuvu la kichwa, nusu ukurasa. Mkutano wa kuchunguza kifo utafanyika Alhamisi saa nne asubuhi katika ukumbi wa hoteli ya kijijini, na shahidi wa kwanza ni Dorcas. Mpaka wakati huo Hester amelazwa katika ghala la kanisa, upande wa kaskazini, palipo na ubaridi. Kasisi amekubali kumzika Ijumaa.